Nta haiondoi ganda la chungwa: jinsi ya kung'arisha rangi ya modeli ya plastiki

Swali: Nimepaka rangi bodi ya gari la plastiki la skeli ya 1/24 kwa makopo ya kupuliza: praima nyeupe (rangi ya msingi), rangi nyekundu, kisha klia ya laka (tabaka la juu lisilo na rangi) mara mbili. Ilipokauka ikawa na vinundu kama ganda la chungwa. Kesho yake nikapaka nta ya magari, lakini vinundu havikuondoka. Nikachukua dawa ya kung'arishia nikasugua kwa nguvu, na kwenye ukingo wa boneti rangi ikatoka mpaka praima ikaonekana. Nimekosea wapi, utaratibu wenyewe ni upi, na nta ina kazi gani? Boneti hiyo inaweza kuokolewa?

Jibu: Ndugu msomaji, boneti yako inaweza kuokolewa, nami nitaifikia mwishoni. Nianze na nta, maana ndiyo iliyokupotosha. Tunaposema rangi inang'aa, tunachokiona hasa ni mwanga unaorudi kwa mpangilio. Uso ukiwa sawa, miale hurudi pamoja na jicho hupata taswira kamili ya taa au ya dirisha. Uso ukiwa na vilima na mabonde, miale hutawanyika na taswira ile hukatikakatika. Nta hukaa juu ya rangi kama utando mwembamba mno unaofuata umbo la kila kilima na kila bonde, na kwa sababu hiyo uliona rangi imekolea kidogo na imekuwa na utelezi chini ya kidole, huku taa ikiendelea kuonekana imevunjika vipande. Vilima hivyo havina budi kukatwa, na vinavyokata ni msasa na dawa zenye chembe za kukwaruza. Kung'arisha, basi, ni kuondoa rangi kwa makusudi, na karibu kila kosa linalotokea katika kazi hii, likiwemo hilo la ukingo wako, hutokana na mtu kuanza kuondoa kabla hajajua ana rangi ya unene gani na imekauka kiasi gani.

Nitalichukua la kukauka kwanza, kwa kuwa wewe ulisubiri siku moja. Laka hukauka kwa thina yake kuvukizwa, na juu ndiko kunakokauka mwanzo. Pakishafunga, thina iliyonaswa chini hutoka polepole sana. Ukishika bodi baada ya saa chache kidole hakiachi alama, nawe unadhani kazi imekwisha, kumbe ndani bado ni laini. Ukiing'arisha katika hali hiyo utapata uso mzuri kweli, mzuri kiasi cha kukudanganya, lakini thina iliyobaki inapoendelea kutoka rangi hunywea, na baada ya wiki mbili au tatu mikwaruzo ya msasa uliyodhani umeifuta huibuka tena pamoja na kivuli cha vile vinundu. Kwa laka ya kopo mimi husubiri wiki moja kwa uchache, na nikiwa nimepuliza klia nzito husubiri mbili. Kipimo changu ni pua: naifunika bodi ndani ya boksi usiku kucha, asubuhi nafungua na kunusa mara moja tu, kwa sababu pua huzoea upesi. Harufu ya thina ikiwapo, hata kwa mbali, boksi linafungwa tena.

Aina nyingine za rangi zina muda wake. Enameli haikaushwi na kuvukizwa kwa thina peke yake. Hugandishwa pia na oksijeni ya hewani, na hatua hiyo huendelea kwa wiki kadhaa, hivyo anayeisugua baada ya siku tatu anasugua kitu kinachokaribia gundi. Akriliki ya maji, hata ikauke vipi, mara nyingi hubaki na ulaini wa mpira, na msasa huivuta badala ya kuikata. Simshauri mtu aanze kujifunza kwa hiyo. Klia ya uretani ya sehemu mbili, ile inayochanganywa na kigumishi, hukauka kwa mmenyuko wa kikemia unaofika mpaka chini, na kwa kawaida baada ya siku moja au mbili huwa tayari, tena ngumu kuliko zote. Lakini kigumishi chake huwa na aisosayaneti, kemikali inayodhuru mapafu na inayoweza kumwachia mtu pumu, na barakoa ya vumbi haiizuii hata kidogo. Asiye na kifaa cha kupumulia kilichotengenezwa kwa ajili ya kemikali hiyo, pamoja na mahali panapovuta hewa vizuri, aiache kabisa. Hakuna mng'ao wenye thamani ya mapafu.

Sasa unene. Modeli haitupi nafasi kubwa. Kwenye skeli ya 1/24, rangi ya unene wa milimita 0.1 ni sawa na milimita 2.4 kwenye gari halisi, yaani gari lililopakwa kama ukuta unavyopigwa lipu: mistari ya milango huzibika, vishikio huvimba, nembo hupotea. Kwa upande wa pili, chembe za msasa wa namba 2000 (namba ikipanda, chembe huwa ndogo zaidi) zina upana wa takriban mikroni 10, ambazo ni sehemu moja ya mia ya milimita, na klia iliyopulizwa mara mbili kwa wepesi haina akiba ya kuhimili msasa huo pamoja na dawa zote zinazoufuata. Hapo ndipo ulipoanza kukosea, siku nyingi kabla hujashika kitambaa. Mtu anayekusudia kung'arisha hupuliza klia mara nne au tano: mbili za mwanzo nyepesi kama ukungu, hasa ikiwa chini yake kuna stika za maji, zile zinazolowekwa ili ziachane na karatasi yake, ambazo thina kali ya laka huweza kuzikunja au kuziyeyusha, kisha mbili au tatu zilizolowa vya kutosha kujitandaza zenyewe. Ili unene huo usizibe mistari ya milango, mistari hiyo hukwanguliwa iingie ndani kidogo kabla hata ya praima. Kazi hiyo ya dakika 20 wengi huiruka, halafu mwishoni hujiuliza kwa nini mlango unaonekana kama umechorwa tu.

Hata ukipuliza kwa uangalifu wote, unene hautalingana kila mahali. Rangi ikiwa bado majimaji, mvutano wa uso wake huifanya ikimbie kona kali na kujikusanya kwenye sehemu bapa. Matokeo yake ni kwamba ukingo wa boneti, mgongo wa madigadi na kona za paa hubaki na rangi nyembamba kuliko pote, na papo hapo ndipo kidole chako hukandamiza zaidi, kwa sababu nguvu yote ya mkono huangukia kwenye mstari mmoja mwembamba. Hukusugua ukingo ule kupita sehemu nyingine; uliusugua sawa na sehemu nyingine, nao haukuwa na cha kutoa.

Kuhusu vinundu vyenyewe, hutokea pale matone ya rangi yanapofika kwenye bodi yakiwa yamekwisha kuanza kukauka, kwa hiyo hayapati nafasi ya kuungana na kutandaa. Chanzo kinaweza kuwa kopo kushikwa mbali mno, rangi kuwa nzito, kopo kuwa baridi, au hewa kuwa na joto kali. Kuliweka kopo kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika chache, maji ambayo mkono unayavumilia bila taabu na kamwe si ya moto, huongeza msukumo na kufanya matone yawe madogo. Vinundu vichache vitabaki daima, na hivyo si kasoro ya kukufanya uvue rangi yote. Ndivyo msasa ulivyowekewa.

Tuje kwenye msasa. Bandika utepe mwembamba wa kufunikia rangi juu ya kila ukingo na kila mgongo mkali, upana wa milimita moja au mbili. Tia maji kwenye bakuli na tone moja la sabuni ya vyombo, loweka msasa wa namba 2000 kwa dakika kumi ulainike, kisha ukunje juu ya kipande kidogo cha sponji ngumu ili ncha ya kidole isichimbe bonde lake yenyewe. Sugua kwa mistari iliyonyooka, kwa uzito wa kidole tu, sehemu ndogo kwa wakati mmoja, na uoshe msasa kila baada ya misuguo michache, kwa sababu punje moja ya rangi kavu iliyonasa huchora mkwaruzo ambao utautafuta mpaka mwisho wa kazi. Wapo wanaoanza na namba 1500 kwa sababu vinundu ni vikubwa. Hilo linawezekana kwa mwenye klia nene, lakini mimi huona ni afadhali kuchelewa kwa 2000 kuliko kuwahi kwa 1500.

Baada ya misuguo kadhaa, futa maji, geuza bodi chini ya taa na uiangalie kwa ukaribu. Utaona uso uliofifia, wenye rangi ya maziwa, na ndani yake vitone vidogo vinavyong'aa. Eneo lililofifia ni vilima vilivyokwisha kukatwa; vitone vinavyong'aa ni mabonde ambayo msasa haujayafikia. Endelea mpaka vitone vimebaki vichache na vidogo, halafu usimame. Usivifukuze vyote: bonde la mwisho likikupeleka kwenye rangi ya chini, umepoteza boneti nzima kwa ajili ya nukta ambayo hakuna mtu angeiona. Wakati wote huo tazama pia rangi ya maji yanayotoka chini ya msasa. Yakiwa meupe kama maziwa yaliyochujwa, unakata klia, na uko salama. Siku moja nilikuwa naimalizia paa la gari jekundu, karibu na mlingoti wa kioo cha mbele, nikaona weupe ule umeanza kugeuka waridi hafifu sana, kama maji yaliyooshewa zabibu. Nilikuwa nimefika kwenye rangi. Niliacha pale pale, na sehemu ile ilisalimika kwa msuguo mmoja au miwili hivi. Tangu hapo hufanya kazi juu ya taulo jeupe, ili dalili hiyo isinipite.

Kuna jambo moja linalopaswa kusemwa hapa kwa mkazo. Ikiwa rangi yako ni ya metali au ya lulu, usiiguse kwa msasa kabla ya klia. Vigamba vidogo vya alumini au maika hulala ndani ya rangi kwa mpangilio fulani, na msasa ukivifikia huvikata na kuacha doa jeusi au doa la rangi tofauti ambalo dawa yoyote haiondoi. Rangi hiyo hufunikwa kwa klia kama ilivyo, na klia peke yake ndiyo inayong'arishwa.

Kutoka namba 2000 panda taratibu: 3000, kisha 4000 au zaidi kama unayo. Kila unapobadilisha namba badilisha pia mwelekeo wa kusugua, ili mikwaruzo mipya iikate ile ya zamani kama msalaba. Ya zamani ikiisha yote, namba hiyo imemaliza kazi yake. Anayeruka namba hujikuta anataka dawa laini ifute mikwaruzo ya msasa mkali, nayo haiwezi, hata asugue siku nzima. Vitambaa vya Micro-Mesh, ambavyo wajenzi wengi wa modeli huvitumia, hupanda hadi namba 12000, lakini namba zake zimepangwa kwa kipimo chake chenyewe, na 2400 yake haipaswi kuchukuliwa kama jirani wa 2500 ya msasa wa kawaida. Vijaribu kwanza kwenye kijiko cha plastiki ulichokipaka rangi ileile siku ileile. Kijiko hicho, kwa maoni yangu, ni kifaa cha muhimu kuliko dawa yoyote ya gharama, kwa sababu hukuonyesha rangi imekauka kiasi gani, klia inahimili misuguo mingapi, na ukitoboa umetoboa kijiko.

Ndipo zifuate dawa za kung'arishia. Kampuni ya Tamiya hutengeneza tatu zinazofuatana, na kifuniko chekundu ni cha ile inayokata zaidi, cha buluu ni cha ya kati, na cheupe ni cha ya kumalizia. Bidhaa za wengine hufuata mtindo huohuo wa kushuka kutoka kali kwenda laini. Kila dawa iwe na kitambaa chake, kilichowekwa alama na kuhifadhiwa kwenye mfuko wake, kwani chembe chache za dawa kali zikiingia kwenye kitambaa cha kumalizia huharibu hatua yote. Chukua dawa kiasi cha punje ya dengu kwenye kitambaa laini cha pamba au cha maikrofaiba, sugua eneo lenye ukubwa wa sarafu kwa kubadilisha mwelekeo, punguza nguvu kadiri dawa inavyokauka, kisha futa kwa upande safi. Utaona ule ukungu wa maziwa unafunguka, na taa iliyo juu ya meza inaanza kupata kingo. Kitambaa nacho kitazame: juu ya klia hubaki na rangi ya dawa, kikipata wekundu, klia imekwisha mahali hapo. Kingo zenyewe, ambazo sasa umeziondolea utepe, zipitishie dawa ya kumalizia tu, mara mbili au tatu kwa wepesi. Vinundu vidogo vilivyobaki pale havitaonekana na mtu.

Usitumie mashine ya kuzungusha mpaka uwe umefanya modeli kadhaa kwa mkono. Polistirini, plastiki ya modeli nyingi, hulainika ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, na laka iliyo juu yake huanza kulegea kabla ya hapo. Kichwa cha sponji kinachozunguka kwa kasi hufika huko kwa sekunde chache, na rangi hujikunja kabla hujainua mkono. Dawa ya meno, ambayo wengine huisifu, pia sishauri, kwa kuwa ukubwa wa chembe zake haujapangwa kwa kazi hii na hutofautiana kutoka aina moja hadi nyingine.

Hapa ndipo nta inapopata nafasi yake. Nta nzuri ya kazi hii ni ya kanauba, inayotokana na majani ya mti wa jamii ya minazi, uitwao pia kanauba, wa kaskazini-mashariki mwa Brazili. Ni ngumu kuliko nta nyingi za asili, nayo huyeyuka kwenye nyuzi zipatazo 82 hadi 86. Juu ya uso uliokwisha kusawazishwa hujaza mikwaruzo midogo iliyoachwa na dawa ya mwisho, hukoleza rangi, huzuia jasho la vidole lisiache alama, na hufanya vumbi lifutike kwa urahisi bila kukwaruza. Chagua isiyo na silikoni wala chembe za kukata, kwa maana nta nyingi za magari zinazoitwa za kusafisha zina chembe hizo. Paka kidogo sana, subiri ifanye ukungu, ifute kwa kitambaa safi, rudia mara moja. Ikinasa kwenye mistari ya milango na kugeuka nyeupe, ichokoe kwa brashi laini ya meno au kijiti cha meno kilichoviringishiwa kitambaa. Isiguse sehemu zisizotakiwa kung'aa, na isitangulie gundi, stika, wino wa mistari wala rangi nyingine yoyote, kwa sababu hakuna kitakachoshika juu yake.

Kwa hiyo tatizo la boneti yako ni mawili: ukingo umetoboka, na juu yake kuna nta ambayo huenda ina silikoni. Rangi mpya ikipulizwa juu ya silikoni hujitenga na kuacha matundu ya mviringo tunayoyaita macho ya samaki. Ikiwa boneti inafunguka au haijagundishwa, itoe. Kama ni sehemu ya bodi, funika bodi yote kwa kufuata mistari ya boneti, ili mpaka wa rangi mpya ufichwe na mstari uliopo tayari. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, ikauke, kisha ipanguse kwa petroli ya viberiti, ile nyepesi inayojazwa kwenye viberiti vya kuwashia sigara, iliyotiwa kwenye kitambaa, ukigeuza upande safi kila mara. Kwa laka iliyokauka huwa haina madhara, lakini ianzie kwenye kile kijiko. Sasa, kwa kuwa wiki kadhaa zitakuwa zimepita, sawazisha vinundu vya boneti nzima kwa msasa wa 2000 bila kuhofia kutoboa, maana itapakwa upya. Puliza nyekundu kwa tabaka nyembamba. Nyekundu hupitisha mwanga na kuonyesha kilicho chini yake, hivyo usiongeze praima ya rangi nyingine. Weupe uleule wa mwanzo utakusaidia kupata wekundu uleule, na baada ya kila tabaka ilinganishe na mlango chini ya mwanga wa mchana, ukiacha pale zinapofanana. Kisha klia mara nne au tano, boksi, na pua. Sehemu nyingine za bodi zina klia mbili tu, tena umeshazisugua. Zipitishie dawa ya kumalizia peke yake, uvivumilie vinundu vyake, au uzioshe nta kwa njia hiyohiyo na kuziongezea klia siku moja na boneti, jambo ambalo mimi ningelifanya, ili gari zima liwe na unene mmoja utakapolishika tena baada ya wiki mbili.